Kitabu Mkononi, Kampeni Begani

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nadhani hawakuwahi kuandika kitabu kuhusu madeni ya mataifa. Hicho hata kiwe kizuri namna gani, usipokitembeza kitaliwa na mende rafuni. Changu kimetoka, kinaitwa *Deni la Asiyekopa*, nami nakitembeza bila haya: kwenye makongamano, redioni, kwenye mikutano ya mtandaoni ambako nusu ya washiriki wamezima kamera, na sasa hapa.

Tatizo ni kwamba wengi wenu mnanijua kwa ile kazi nyingine. Mmeniona nikikusanya saini, nikiwaandikia wabunge, nikisimama mbele za watu kudai nchi maskini zipunguziwe madeni. Sasa mtu yuleyule anasimama palepale, kashika kitabu chenye bei nyuma. Anayenisikiliza ana haki ya kujiuliza: huyu anatetea watu au anauza bidhaa? Nafanya yote mawili. Kwa hiyo afadhali niseme wazi nayafanyaje.

Tulianza kuvutana kwenye jalada. Mchapishaji aliniletea picha ya mtoto: miguu mitupu, vumbi hadi magotini, macho makubwa yakitazama kamera. Picha ilikuwa imenunuliwa kwenye ghala la picha mtandaoni. Nikauliza huyu mtoto ni nani, anaitwaje, sasa hivi ana umri gani, anajua kwamba anauza vitabu? Hakuna aliyekuwa na jibu. Nikaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba sura ya namna hiyo ndiyo inayomfanya mtu asimame dukani. Sikubisha, najua inafanya kazi. Nimeiona ikifanya kazi kwenye mabango ya misaada tangu nikiwa mdogo, na najua inachokifanya: msomaji anamwonea huruma mtoto, na anasahau kuuliza nani alitia saini mkataba wa mkopo.

Mwishowe jalada likawa jedwali la malipo ya riba, safu za tarakimu nyekundu kwenye karatasi ya njano. Rafiki yangu mmoja alisema linafanana na daftari la mkopeshaji. Nikamwambia ndiyo hasa.

Tangu hapo nimekuwa nikijaribu jambo moja kila ninapopewa dakika zangu jukwaani: kuwafanya watu wakasirike bila kuwaonyesha sura ya maskini hata mmoja. Ninawaonyesha karatasi. Ile inayofanya kazi kuliko zote ni ya matrekta, nayo ndiyo sura ya tano ya kitabu.

Mwaka 1979 Romania iliikopesha Zambia fedha za kununua matrekta na zana nyingine za kilimo. Miaka ikapita, deni likashindikana kulipika, likabaki kwenye makabrasha. Mwaka 1999 kampuni moja binafsi, Donegal International, ililinunua deni hilo kutoka Romania kwa takriban dola milioni 3 tu. Kisha ikaenda mahakamani London kudai dola milioni 55. Mwaka 2007 jaji alikataa sehemu kubwa ya dai hilo na hakuuficha mtazamo wake kuhusu baadhi ya mashahidi wa kampuni, lakini sheria ni sheria: Zambia ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 15. Kumbuka kwamba ni miaka miwili tu tangu nchi hiyohiyo ipate msamaha mkubwa wa madeni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Yaani mkono mmoja unasamehe, mwingine unachota kilichosamehewa.

Hapo ukumbi huwa kimya, kisha mtu wa nyuma anauliza: hii inaruhusiwa? Basi mkutano umeanza kweli. Naweza kusema kwamba kesi za namna hii, pamoja na kelele za wanakampeni, ndizo zilizoisukuma Uingereza kutunga sheria mwaka 2010 ya kuwabana wanunuzi wa madeni ya nchi zilizomo kwenye mpango ule. Wasidai mahakamani zaidi ya kile ambacho wangepata kama nao wangeshiriki msamaha. Sheria hiyo haigusi mikopo mipya iliyochukuliwa baadaye, na ndiyo maana bado tuna kazi. Sehemu kubwa ya hatifungani za nchi maskini, yaani hati za mkopo ambazo serikali huwauzia wawekezaji, iko chini ya sheria ya Uingereza au ya New York. Mbunge wa London anaweza kufanya kitu kuhusu deni la nchi ambayo hajawahi kukanyaga. Mpigakura wake akijua hilo, ana la kumwandikia.

Kila nikimaliza hadithi hiyo naona mikono ikishika simu kutafuta kitabu. Sikitaji. Sheria niliyojiwekea ni hii: kwenye mkutano wa kampeni kitabu hakitajwi jukwaani, na meza ya mauzo haifunguliwi mpaka karatasi za saini zimezunguka ukumbi mzima. Afisa masoko wa mchapishaji anaona nimerukwa na akili. Amenionyesha kwa hesabu kwamba watu hununua wakiwa bado na hasira, na hasira hupoa haraka. Namwelewa. Ila hasira ile mimi nataka iende kwenye saini kwanza.

Tulibishana pia kuhusu tarehe ya uzinduzi. Kila anayechapisha kitu chenye neno umaskini huitamani tarehe 17 Oktoba, siku ya kimataifa ya kutokomeza umaskini. Mimi niliikataa. Siku hiyo ilianza mwaka 1987, pale watu wapatao laki moja walipokusanyika Trocadéro jijini Paris kwa wito wa padri Joseph Wresinski, mtu aliyekulia kwenye ufukara yeye mwenyewe. Umoja wa Mataifa uliitambua mwaka 1992. Wresinski alitaka walioishi kwenye ufukara ndio wazungumze, wengine wakae wasikilize. Kuja siku hiyo na kitabu changu, kipaza sauti changu na bango lenye picha yangu! Uzinduzi ulisogezwa mbele, na tarehe 17 nilikwenda kupanga viti. Nasikia nilivipanga vibaya.

Niseme neno moja kuhusu takwimu, maana wasomaji wangu wengine ni wakali. Juni 2025, wakati kitabu kiko karibu kwenda kwa mpiga chapa, Benki ya Dunia ilibadilisha mstari wa umaskini uliokithiri, yaani kiwango ambacho anayeishi chini yake huhesabiwa fukara, kutoka dola 2.15 kwa siku hadi dola 3. (Dola hiyo si ile ya dirisha la kubadilishia fedha, inapimwa kwa kile inachoweza kununua katika kila nchi.) Hesabu ya mwaka 2022 ikapanda kutoka watu wapatao milioni 713 hadi milioni 838. Watu milioni 125 waliingia kwenye umaskini uliokithiri kati ya toleo moja la jedwali na linalofuata, na hakuna hata mmoja wao aliyepoteza senti. Sura ya pili ilibidi ifumuliwe. Lakini nilifurahi, kwa namna fulani, kwa sababu ile sura inahusu jambo hilohilo: jinsi ilivyo rahisi kumhamisha maskini kwenye karatasi. Takwimu ninayoitegemea zaidi kwenye mikutano ni nyingine kabisa, ya mwaka 2024 kutoka UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo: watu bilioni 3.3 wanaishi katika nchi zinazolipa riba nyingi kuliko zinavyotumia kwa elimu au kwa afya. Hiyo haihitaji mstari wowote.

Sasa fedha. Nimeulizwa mara nyingi kama mapato yote yanakwenda kwa maskini. Hapana. Mrabaha wangu naupokea. Sehemu naipeleka kwenye kampeni ya madeni, sehemu inalipa kodi ya nyumba. Nilishauriwa nitangaze kwamba kila nakala inayouzwa ni mchango, na ningeuza zaidi, sina shaka. Ila mtu akishanunua kitabu akiamini ametoa sadaka, anaenda nyumbani roho imetulia, na mimi namtaka akiwa na wasiwasi. Asiyeweza kununua aazime. Maktaba ikiombwa na wasomaji watatu wanne huwa inaagiza. Vikundi vya kampeni vinapata sura ya tano bure; niandikieni nitaituma.

Mtakaotaka kunialika, nina ombi. Msinialike nisome kitabu kwa sauti saa nzima. Nialikeni kama kuna jambo la kudaiwa, na la sasa lipo. Mwaka 2025 huko Sevilla, Hispania, serikali zilikubaliana kwamba nchi zinazokopa ziwe na jukwaa lao la kushauriana. Wakopeshaji wana Klabu ya Paris tangu mwaka 1956. Karibu miaka 70 upande mmoja wa meza umekuwa ukikutana kupanga msimamo, na upande wa pili umekuwa ukiingia nchi mojamoja, kila moja na faili lake. Jukwaa hilo litapata nguvu au litabaki jina, kutegemea kama mawaziri wa fedha wataulizwa habari zake na watu wao. Hilo swali ndilo ningependa tuliandike pamoja, ukumbini, kabla meza ya vitabu haijafunguliwa.

Toleo la kusikiliza liko njiani. Msomaji si mimi. Nilipomwambia mchapishaji kwamba sauti yangu ya redioni imeshawachosha wengi, nilitarajia angalau abishe kidogo.