Likizo ya June na watoto: kabla ya kuuliza mnaenda wapi, uliza nani atapumzika

Wapendwa, June ndo hiyo inakuja, shule zinafungwa, na kila grupu la akina mama huko watsap swali ni moja, tuwapeleke wapi watoto. Mimi naomba tuanze na swali jingine, kwenye hiyo safari nani atapumzika? Maana safari nyingi baba anapumzika, watoto wanacheza, afu mama anapika, anafua, anatafuta kiatu kilichopotea, anarudi Dar kachoka kuliko alivyoondoka.

Ukisoma Kutoka 20:10 Mungu anapoagiza pumziko anataja mmoja mmoja, wewe, mwana wako, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, hadi mnyama wa kufuga na mgeni aliye ndani ya malango yako. Kumbukumbu la Torati 5:14 inaweka wazi kabisa kwamba mjakazi apumzike kama wewe. Kwa hiyo dada wa kazi anayeamka saa kumi na moja kuchemsha uji naye yumo ndani ya amri (kwetu Walutheri ni ya tatu, wengine mnaihesabu ya nne, ni ileile). Nyumbani kwetu tulishakubaliana na mume wangu, likizo yetu ikianza na ya dada inaanza, anaenda kwao na mshahara wake kamili na nauli juu. Akipenda kuja na sisi anakuja kama mtoto wa nyumbani, sio aje kubeba mtoto mgongoni huku sisi tunapiga picha.

Mkishakubaliana hapo mengine yanakuwa mepesi. Chakula kwanza. Tafuta sehemu ambayo wanapika wao, chai ya asubuhi na chakula cha usiku viwe ndani ya bei ya chumba, mchana mtakula mahindi ya kuchoma na maisha yataenda. Nyumba ya kupanga yenye jiko inaonekana nafuu, lakini mpishi wa hilo jiko si unamjua.

Sisi tunapenda Lushoto. Bahari watoto wa Dar wanaiona kila siku, milima hawana. Unapanda basi la alfajiri pale Mbezi, Chalinze, Segera, Korogwe, mnafika Mombo mnaacha barabara ya Moshi mnaanza kupanda, kama kilomita 33 za kona tupu kupitia Soni, na hapo ndo watoto wanatapika jamani, kwa hiyo asubuhi wasishibe sana na taulo liwe mkononi sio kwenye buti. Ukifika juu, mji uko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa nyingine kabisa, kabichi na karoti zinazokuja masoko ya Dar unazikuta shambani.

Shughuli moja kwa siku inatosha, kweli inatosha. Siku moja Irente, pale ukingoni unapoona tambarare yote ya chini, na shamba la kanisa liko karibu, la KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, wanatengeneza jibini, jemu na mkate mzuri sana. Siku nyingine msitu wa Magamba kutafuta mbega. Siku inayofuata hamwendi popote, watoto wachimbe udongo, baba alale mchana. Ibada ya asubuhi iwe fupi, mtoto achague wimbo, kila mtu ataje kitu kimoja cha kushukuru, basi. Zaburi 121, "Nitayainua macho yangu niitazame milima", isomeni mkiwa pale Irente, hamtahitaji kumweleza mtoto kitu. Jumapili salini na wenyeji hapohapo.

Na mipango ikivurugika msigombane. Marko 6:31 Yesu anawaambia wanafunzi wake "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo", wakapanda chombo, kufika kule watu wameshawatangulia kwa miguu! Na Yesu hakuwafukuza, aliwahurumia. Mtoto akipata homa siku ya Magamba, siku hiyo Magamba hamwendi, mnakaa naye.

Najua kuna atakayesema sisi likizo ni kwenda kijijini kwa bibi na babu. Nendeni, tena mpeleke na sukari na vitenge, kuheshimu wazazi ni amri pia. Ila kwa wakwe, mama anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, kwa hiyo baada ya hapo mtafutie hata siku mbili asizoshika sufuria.

Kuhusu hela, msikope. Mkopo wa kausha damu kwa ajili ya likizo utawanyima usingizi miezi yote inayofuata, wakati Zaburi 127:2 inasema "Yeye humpa mpenzi wake usingizi". Wekeni kidogokidogo kwenye kibubu tangu Januari, watoto nao watie sarafu zao, hela isipotosha punguzeni siku au nendeni Bagamoyo mlale usiku mmoja, ni pumziko pia.

Ukipiga simu kuulizia chumba Lushoto uliza maji ya moto na mablanketi ya ziada, maana June kule ni baridi ya kweli, sweta na soksi za kila mtoto ziingie kwenye begi kabla ya nguo nyingine yoyote, mtoto wa Mbagala akishikwa na baridi usiku chumba kizima hakilali.