Nilivyokamilisha Utafiti wa Dawa za VVU Nikiwa Kundi la Dawa za Zamani

Jamaa zangu waliposikia kwamba nimejiunga na utafiti wa dawa za VVU hapa Nairobi, waliniambia nitageuzwa panya wa maabara. Kura ilipopigwa nikaangukia kundi la kubaki na dawa zilezile nilizokuwa nikimeza, na watu walewale wakanishauri nijitoe, eti nimekosa kilichonipeleka. Ushauri wa pili uliniudhi kuliko wa kwanza, nami sikuufuata. Nilikaa hadi wiki ya 48, na ninajivunia kila kidonge nilichokimeza katika kipindi hicho.

Miaka mingi kabla ya hapo, mchanganyiko wangu wa kwanza uliokuwa na nevirapine ulikuwa umeshindwa, nikahamishiwa dawa za mstari wa pili, yaani atazanavir inayotiwa nguvu na ritonavir, pamoja na tenofovir na lamivudine. Wingi wa virusi ulishuka hadi visionekane kwenye kipimo. Watafiti walitaka kujua kama mtu wa aina yangu anaweza kuondolewa atazanavir, au lopinavir iliyo ya kundi lilelile, akapewa dawa mpya zaidi iitwayo dolutegravir, na virusi vikaendelea kudhibitiwa. Swali hilo lilikuwa zito, kwa sababu wengi wetu hatukuwahi kupimwa kama virusi vyetu vimekuwa sugu kwa dawa, na haikujulikana kama zile dawa mbili zinazoandamana na dolutegravir zilikuwa bado na nguvu dhidi ya virusi vyetu.

Fomu ya ridhaa niliomba kwenda nayo nyumbani Kayole, nikaisoma mara kwa mara nikipigia mstari kila nisichokielewa, kisha nikarudi na maswali. Anayekuhimiza utie sahihi papo hapo hakutendei haki.

Sasa nieleze la benchi. Siku moja tukisubiri kutolewa damu, mwanamume mmoja aliyekuwa amepangiwa dawa mpya alinisogelea na kuninong'oneza, "Dada, tugawane. Nikupe za kwangu za mwezi, nawe unipe zako, nani atajua?" Alidhani ananifanyia hisani. Nilimweleza kwamba vidonge vinavyobaki huhesabiwa na damu hupimwa, lakini hata kama visingehesabiwa, tungekuwa tumewadanganya watu wote watakaotibiwa kwa kutegemea majibu yetu, maana mabadiliko yangu yangeandikwa kwenye jina la dawa ambayo siimezi. Aliguna, akarudi mahali pake. Mimi nilimwendea muuguzi na kumwomba atueleze sote, bila kumtaja mtu, kwa nini kundi letu lipo.

Muuguzi huyo alitueleza vizuri kuliko mtu yeyote. Alisema kwamba mwaka 1997 yalichapishwa nchini Marekani matokeo ya utafiti wa watu 1,156, ambapo kundi moja lilipewa dawa mbili, na lingine likapewa hizo mbili pamoja na ya tatu, indinavir. Waliofikia UKIMWI au kufariki walikuwa asilimia 11 katika kundi la dawa mbili na asilimia 6 katika kundi la dawa tatu, na utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi. "Bila wale wa dawa mbili," akasema, "tungejuaje kwamba tatu ni bora?" Tena sisi hatukunyimwa tiba, kwani tulichokuwa tukimeza kilikuwa tiba iliyokubalika. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na jibu la kumpa kaka yangu kila alipopiga simu kunitaka nijitoe.

Taabu yangu kubwa ilikuwa macho. Atazanavir hupandisha bilirubini, kitu chenye rangi ya manjano, kwenye damu bila kuliumiza ini, na weupe wa macho hugeuka manjano. Kwenye kibanda changu cha nguo katika soko la Gikomba, mteja angeshika koti, akanitazama usoni, akalirudisha na kuniuliza kama nimepimwa ini. Nilizoea kujibu kwamba daktari analijua jambo hilo, nikaendelea kutaja bei. Ndani ya mkebe wa dawa niliweka pamba ili vidonge visicheze nikiwa kwenye matatu.

Kisha kikaja kiungulia. Mwenye duka la dawa mtaani alikuwa tayari ameninyooshea omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, iliyouzwa shilingi chache tu, na hapo ndipo kadi ya utafiti iliponiokoa. Kadi hiyo ilikuwa na namba yangu ya mshiriki na simu ya kliniki, bila jina la ugonjwa. Niliiweka mezani nikamwambia, "Kaka, piga hapa kwanza, uulize kama naweza kuimeza." Alipiga. Mfamasia wa utafiti alimkataza, kwa sababu atazanavir huhitaji asidi ya tumbo ili iingie mwilini, ndiyo maana pia humezwa pamoja na chakula. Nilipata msaada bila kumweleza mgeni habari zangu, na tangu hapo sikununua hata dawa ya mafua bila kuitoa kadi ile.

Utafiti wa namna hii uliofanywa hapa Kenya katika vituo 4, ukiwa na watu 795, ulichapishwa mwaka 2023. Katika wiki ya 48, waliokuwa na virusi 50 au zaidi katika mililita moja ya damu walikuwa asilimia 5.0 kwa waliohamia dolutegravir na asilimia 5.1 kwa waliobaki na dawa zao za zamani. Tarakimu ya pili ni ya watu kama mimi, na ile ya kwanza haisemi lolote isipowekwa kando yake.

Nilipomaliza niliruhusiwa kuhamia dolutegravir, nikakubali. Nayo ina masharti yake, kwani vidonge vya chuma na kalsiamu huizuia kuingia mwilini ukiinywa bila chakula, na baadhi ya dawa za kiungulia huizuia hata ukiinywa na chakula, hivyo inywe angalau muda wa saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Mimi huinywa saa mbili usiku, na vidonge vyangu vya chuma nimevihamishia mchana.