Siku Moja Maishani Mwangu: Kuwapeleka Wanafunzi Bujumbura

Mimi ni mwalimu wa Jiografia na Historia katika shule ya sekondari hapa Kigoma. Ninapoteuliwa kuwa mlezi wa safari ya wanafunzi, walimu wenzangu hunipongeza kana kwamba nimepewa likizo, na wapo wanaonong'ona habari za posho. Wazazi nao husema Bujumbura ni hapo tu, ukishavuka mpaka wa Manyovu umefika. Naandika siku ya kwanza ya safari yetu ya siku tatu ili wasiowahi kuifanya kazi hii waone inavyokwenda.

Saa 10:00 alfajiri. Nimefika shuleni nikiwa na tochi na bahasha kubwa ambayo sitaiachia mkononi hadi usiku. Ndani yake mna hati za dharura za safari, kadi za chanjo ya homa ya manjano, barua za ridhaa za wazazi, kibali cha safari na nakala kadhaa za orodha ya majina, kwa sababu kila meza tutakayosimama itataka nakala yake. Wanafunzi ni 26, wote wa kidato cha tatu. Kila mmoja ana namba yake, na kila tunapopanda au kushuka wanaitaja kwa sauti, kuanzia moja hadi ishirini na sita. Namba moja isiposikika, gari haliondoki.

Saa 11:00 tumeondoka. Dereva alijaza tangi hadi juu tangu jana jioni, kwa kuwa Burundi imekuwa na uhaba wa mafuta kwa miaka kadhaa, na si busara kuvuka na watoto kwa kutegemea kituo cha mafuta cha huko. Barabara ya kupanda milima ya Buhigwe ilikuwa na ukungu na baridi, wanafunzi wengi wakalala, na saa 12:30 tulikuwa Manyovu.

Hapo ndipo siku ilipokwama.

Tulikuwa tumekwisha kujipanga, bahasha imefunguliwa, simu yangu ikaita. Alikuwa baba wa mwanafunzi wetu mmoja, namba kumi na tisa. Yeye hufanya kazi nje ya mji na hurudi nyumbani mara chache. Barua ya ridhaa ilitiwa saini na mama, kama sheria za shule zinavyoruhusu. Asubuhi ile ndiyo kwanza alikuwa ameambiwa kwamba binti yake anakwenda Burundi.

"Mwalimu, mteremshe mwanangu hapo hapo," alisema. "Sijampeleka shule ili apelekwe vitani."

Nilimwamkia, nikamweleza kwamba tunakwenda kuona Ziwa Tanganyika upande wa kaskazini, bandari na makumbusho, na kwamba mahali pa kulala pamelipiwa. Alinisikiliza nusu, akakata simu. Baada ya dakika tano akapiga tena, akataka kuzungumza na dereva. Akampa dereva maneno makali ambayo dereva aliyapokea kwa kusema "ndiyo mzee, nimekuelewa mzee" mpaka mwisho. Akapiga tena, akataka kuzungumza na binti, na binti akalia. Nikampigia mama, naye akalia pia, akasema mumewe hakuwa akipokea simu yake. Nikampigia mkuu wa shule. Mkuu wa shule alisema neno lile nililolijua tayari: mtoto ambaye baba yake amekataa kwa kinywa chake hawezi kuvushwa mpaka, hata kama karatasi zote ni halali. Kumwacha Manyovu peke yake nako hakuwezekani, kwa hiyo ama mmoja wetu arudi naye Kigoma kwa basi na msafara ubaki na mwalimu mmoja, ama sote tungoje.

Tulingoja. Wanafunzi 25 walioamka usiku wa manane walikaa kwenye kingo za barabara wakila mikate iliyopangiwa saa nne. Baadhi yao walianza kumtazama mwenzao kwa jicho baya, nami nikalazimika kuwaita na kuwaambia kwamba atakayemsema neno atarudi naye. Magari yaliyokuja nyuma yetu yalihudumiwa yakavuka. Watu hudhani uchovu wa safari ni wa kukaa garini. Kwangu mimi uchovu mkubwa ni huu wa kusimama mahali pamoja na simu sikioni, nikibembeleza, huku nikihesabu vichwa kwa macho.

Mara ya sita au ya saba alipopiga, sikumweleza tena ratiba. Nilimuuliza: "Mzee wangu, unaogopa nini hasa?" Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba mwaka 2015 alikuwa mvuvi Kagunga. Watu wa Kigoma hawahitaji kuambiwa zaidi. Kagunga ni kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, mpakani kabisa mwa Burundi, na mwezi Mei mwaka ule maelfu ya wakimbizi walirundikana ufukweni pale kuliko kijiji kilivyoweza kuwabeba. Kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawachukua kwa awamu kuwaleta Kigoma mjini. Yeye aliwaona wakina mama waliolala mchangani na watoto, na tangu hapo kila asikiapo jina la Burundi huyaona yale. Hasira yangu yote ilipoa. Mtu huyu hakuwa mkorofi, ila alikuwa akiijua nchi ya jirani kwa siku zake mbaya tu, kama wengi wetu tunavyoijua, kwa sababu mkoa wetu umewapokea wakimbizi kwa miongo mingi na mara chache umepeleka watoto wake kutembea huko wakati wa utulivu. Hiyo ndiyo sababu ninayoipigania safari hii kila inapotaka kufutwa kwa kukosa fedha.

Aliyetuvusha si mimi. Mama wa binti alikumbuka kwamba ana kaka yake anayefanya biashara ya kupeleka bidhaa Bujumbura na kurudi, naye mjomba huyo akampigia shemeji yake, wakazungumza kwa Kiha kwa muda mrefu. Saa 3:10 baba alinipigia kwa sauti nyingine. Alikubali kwa masharti mawili, kwamba binti ampigie kila jioni, na kwamba mimi, si mwingine, ndiye nilale jengo moja na wasichana. Nilimwambia hayo yote yalikuwa yamepangwa tangu awali. Akaandika ujumbe wa ridhaa kwa mkuu wa shule, nami nikaunakili katika daftari la safari, tarehe na saa.

Kuvuka kwenyewe kulikuwa kwepesi. Maofisa wa pande zote mbili walituhudumia kwa upole, kadi za chanjo zikakaguliwa, mihuri ikagongwa, nasi tukaingia Mugina, upande wa Burundi. Tukarudisha saa zetu nyuma kwa saa moja, kwa kuwa Burundi iko nyuma yetu. Ukilinganisha na muda tuliokuwa tumepoteza, hiyo ilikuwa fidia ndogo lakini niliipokea.

Sasa nieleze jambo ambalo halimo katika mwongozo wowote wa safari za shule niliowahi kupewa. Burundi magari hupita kulia. Gari letu ni la Tanzania, mlango wa abiria uko kushoto. Maana yake, dereva akiegesha pembeni ya barabara ya Burundi, mlango unafungukia katikati ya barabara, na mtoto aliyezoea kuteremka moja kwa moja kwenye majani anateremka mbele ya lori. Kwa hiyo kila tuliposimama, nilitangulia kushuka mimi, nikatembea hatua kumi nyuma ya gari na kitambaa chekundu, na mwalimu mwenzangu akashika mlango. Aliwashusha wawili wawili, mkono wake ukiwa kifuani mwa anayefuata, akiwazungusha mbele ya gari hadi ng'ambo salama. Macho yao hutazama upande usiofaa kwanza, hata baada ya kuonywa, kwa sababu ni mazoea ya tangu utotoni. Huko Nyanza-Lac, tuliposimama kwa ajili ya choo, kazi hiyo ya kuwashusha na kuwapandisha ilichukua muda mrefu kuliko choo chenyewe.

Kutoka hapo barabara inafuata ziwa. Rumonge ilipita na michikichi yake, na wanafunzi wakashangaa kwamba mawese huuzwa kando ya njia kama kwetu. Wengi wao wanazungumza Kiha nyumbani, basi waliponunua ndizi dirishani walielewana na wauzaji wa Kirundi bila shida, na nikaona nyuso zikifunguka. Namba kumi na tisa naye alinunua.

Mchana, kama kilomita 12 kabla ya kufika Bujumbura, tulisimama Mugere, penye jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Hapa ndipo nilipoupata mshahara wangu wa siku. Wapo wanaosema kwamba jiwe hili ndilo mahali wazungu wale wawili walipokutana, na mtu mmoja aliyekuwa pale aliwaambia hivyo wanafunzi wangu. Watoto waliokulia karibu na mwembe wa Ujiji hawakulikubali. Mvulana mmoja wa Ujiji alimjibu kwa heshima kabisa: "Shikamoo mzee. Walikutana kwetu, wakaja huku pamoja." Na ndivyo ilivyokuwa. Walikutana Ujiji mapema mwezi ule wa Novemba, kisha wakapanda mtumbwi kuelekea kaskazini, wakalala Mugere siku mbili, kwa sababu walitaka kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Wakati ule lilikuwapo swali iwapo Tanganyika, kwa kupitia mto huo, ndiyo chanzo cha Naili. Walikuta Ruzizi unaingia ziwani, kwa hiyo dhana ile ikaanguka. Nilifundisha hapo hapo, wao wakiwa wamesimama juani, ziwa likiwa chini yetu: maji hutoka Ziwa Kivu kwa Ruzizi, huingia Tanganyika, na hutokea magharibi kwa mto Lukuga hadi Kongo. Darasani somo hili huchukua vipindi viwili na husahauliwa. Sidhani kama hawa watalisahau.

Bujumbura tuliingia alasiri, tumechelewa, na ratiba ya makumbusho ikahamia kesho. Niliwapitisha garini tu, tukaiona bandari kwa mbali, nikawakumbusha kwamba sehemu ya shehena inayofika pale imeshuka kwanza kutoka behewa la Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikapakiwa melini bandarini kwetu. Tuliona pia sehemu za mwambao ambako maji ya ziwa yalipanda miaka ya karibuni yakaingia majumbani, kama yalivyofanya upande wetu. Kuhusu Bujumbura kuwa mji mkuu, niliwasahihisha wale waliokariri vitabu vya zamani: makao makuu ya kisiasa ni Gitega, tangu uamuzi uliotangazwa mwishoni mwa mwaka 2018, na Bujumbura imebaki kuwa mji mkuu wa biashara.

Baada ya hapo sikuitazama saa sana. Msichana mmoja alitapika, mwingine akapoteza kiatu chini ya viti. Mahali tulipolala palikuwa na vyumba pungufu ya tulivyolipia, nikasimama mapokezi nikijadiliana kwa Kiswahili na Kifaransa changu kidogo mpaka magodoro matatu ya ziada yakaletwa. Chakula cha jioni tulikula Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ndicho lugha ya barazani, wali na mukeke wa kukaanga, yaani mgebuka wetu. Mama mwenye mgahawa aliwaita "wanangu wa Kigoma" na kuwaongezea maharage bila kudai. Mahali pengine pote hapo njiani nilipolipa sikupewa risiti, na bila risiti sitaweza kurejesha masurufu, yaani kutoa hesabu ya fedha za safari nilizokabidhiwa. Kwa hiyo hubeba daftari la stakabadhi, muuzaji hutia saini au dole gumba, nami huandika faranga na shilingi kwa thamani ya siku hiyo.

Usiku baba wa Kagunga hakungoja kupigiwa. Nilimpa binti simu nikakaa mlangoni. Walizungumza muda mrefu, kisha akataka kuzungumza nami, akauliza kama ufuo wa huko nao una mchanga mweupe na kama watu wanaoga jioni. Nilimjibu kwamba nimewaona wakioga, watoto na watu wazima. Akasema sawa, mwalimu, lala salama.

Bado sijalala. Nimehesabu namba zote vitandani, nimepanga stakabadhi kwa mfululizo wa njia, nimeandika ratiba mpya ya kesho: bandari, kisha makumbusho yenye mamba na nyumba za jadi, na jioni ufukweni. Dereva amekubali kutoegesha barabarani kabisa, atatafuta ua wa ndani hata kama ni kutembea. Kifungua kinywa hapa ni saa 1:30 kwa saa ya Burundi, ambayo kwa matumbo ya Kigoma ni saa 2:30, kwa hiyo nimewaomba wapishi watangulize uji saa 12:30, na wamekubali.