Siku moja gereji: nikirudisha sura ya ndani ya Harrier

Saa 1 asubuhi. Nazima kila kitu, nachomoa waya hasi wa betri, kisha naliacha gari litulie. Toyota wenyewe wanataka angalau sekunde 90, maana mfumo wa eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, hubaki na chaji. Kifuniko cha eabegi sikipigi rangi kamwe, hata mteja abembeleze vipi.

Saa 2. Navua vipande: fremu ya gia, paneli za swichi za vioo, ukanda wa dashibodi. Natumia vijiti vya plastiki. Bisibisi huacha kovu na kuvunja klipu, na klipu ikivunjika kipande kitapiga kelele barabarani.

Saa 3. Hapa ndipo kazi ilipo. Adui wa kazi yetu ni yale mafuta ya kung'arisha dashibodi wanayopaka waosha magari. Mengi yana silikoni, nayo hujificha kwenye kila mkwaruzo. Ukipiga rangi juu yake, rangi inakimbia pembeni na kuacha vishimo vya duara. Ukitanguliza msasa ndiyo unaisukuma ndani zaidi. Basi ni maji na sabuni ya vyombo kwanza, suuza, kausha, halafu spiriti: kitambaa kimoja cha kupaka, kingine safi cha kufuta kabla haijakauka. Narudia bila haraka. Rangi nyingi nilizoletewa zikiwa zimebanduka ziliharibikia hapa, wala si kwenye kupuliza.

Saa 4 hadi saa 7 ni msasa. Mteja anataka mbao ziwe nyeusi. "Mbao" yenyewe ni picha iliyolazwa juu ya plastiki na kufunikwa klia nene, yaani rangi ya juu isiyo na rangi, kama kioo, na klia ndiyo iliyopasuka kwa jua. Naanza na namba 320 hadi nyufa ziishe, kisha 400, namalizia 600 kwa maji. Kwenye kingo natumia kidole, taratibu, kwa kuwa ndiko msasa unakokula haraka. Napitisha ukucha, ukikwama, bado.

Saa 8, baada ya chakula, praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia. Nyuma ya kipande huwa pameandikwa aina ya plastiki. ABS hushika praima vizuri. PP haishiki kitu bila dawa ya kushikisha. Kukigeuza kipande na kusoma kunaokoa kazi nzima.

Saa 9 na nusu. Rangi mikono mitatu myepesi, kisha klia yenye hadina (dawa ya kuigandisha) mikono miwili, nikisubiri dakika 10 hadi 15 kila mara. Maski yangu ina vichujio vya kaboni. Hadina ina isosayaneti, inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu, na maski ya kitambaa haizuii mvuke huo. Inaniuma sana kuona vijana wanapuliza wakiwa wamejifunga leso tu. Nimechagua klia yenye mng'ao mdogo. Mteja alitaka ing'ae kabisa, nikamwonyesha sampuli juani, akaona jinsi mwanga unavyomrudia dereva machoni.

Saa 11 jioni anapiga simu.

"Fundi, naweza kupitia leo?"

"Kesho jioni, dada. Klia ikiguswa sasa, alama ya kidole inabaki. Na ukishalichukua, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Vijana wa kuosha waambie mapema: ndani wasipake mafuta."