CD ya wifi yangu imegoma kutoka kwenye redio ya gari

Redio ya gari langu inaishia FM 90. Wenye magari ya zamani yaliyotoka Japani mtanielewa. Kule FM inaanzia 76, na redio zao nyingi za miaka ile zikifika 90 ndiyo mwisho wa safari, wakati stesheni zetu zimejipanga kuanzia 87.5 hadi 108. Naambulia zile chache zilizobanana pale mwanzoni, na nikishapita Muheza hata hizo zinaanza kukoroma. Kipo kidude cha kuunganisha kwenye waya wa antena ambacho hushusha masafa, stesheni ya 100 ukaikuta kwenye 84, lakini mimi kilinichosha: kila namba unayoiona siyo yenyewe, unaendesha huku unapiga hesabu za kutoa.

Kwa hiyo CD kwangu siyo anasa. Nashona sare za shule, na ikifika Januari nazunguka na mizigo Muheza, Korogwe, mpaka zile kona za kutoka Mombo kupanda Lushoto. Bila muziki ni mimi na mlio wa injini.

Iliyoganda ni CD ya kwaya ya send-off ya wifi yangu. Aliirekodisha kwenye kibanda cha picha na kompyuta, na juu yake wakabandika stika ya karatasi yenye picha yake, kavaa kitenge kapendeza kweli. Ikaingia bila tatizo, ikaimba. Gari nikaliacha juani mchana kutwa nje ya shule moja. Niliporudi na kuwasha, redio ikasema grrr, ikanyamaza, grrr tena, kioo kikaandika Error. Nabonyeza kitufe cha kutoa, mashine inajitahidi, inasogeza kidogo, inairudisha ndani.

Wifi naye hakukawia kupiga simu.

"Wifi, CD yangu vipi?"

"Ipo, wifi. Iko salama kabisa, hata mwizi hawezi kuitoa."

Hakucheka.

Ushauri wa bure ulikuja mwingi. Kijana wa bodaboda pale kijiweni alitaka kisu cha kupakia siagi. Jirani akasema chukua rula nyembamba, izungushie plasta yenye gundi pande mbili, ichomeke juu ya CD, ivute. Mwingine akasema sukuma CD ya pili iitoe ya kwanza. Huyu nilimwangalia tu. Mdomo wa redio yangu ni wa kupokea CD moja yenye unene wa milimita 1.2, na mle ndani kuna lenzi. Ukipeleka kisu, utakachokikwangua hukioni.

Nilichokubali ni kuchomoa waya wa hasi wa betri, kusubiri kidogo, kuurudisha, kisha kubonyeza kitufe cha kutoa na kukishikilia. Wakati mwingine tatizo ni redio kuchanganyikiwa tu; ikikatiwa umeme kabisa inajitafuta upya na kutema. Yangu haikutema, ila haikuniharibia kitu zaidi ya saa kurudi mwanzo. Wewe mwenye redio ya Kijapani yenye skrini ya ramani, kabla hujagusa betri uliza kwanza. Baadhi ya zile zikikatiwa umeme zinaamka zimejifunga, zinadai kadi ya ramani au namba ya siri, na kadi yenyewe huenda ilibaki kulekule Japani.

Nikaenda Ngamiani, Tanga mjini, kwa fundi redio, mzee mmoja mpole anayefanyia kazi barazani. Akainama, akawasha, akasikiliza ile grrr kama mara mbili.

"Mama, CD ina stika ya karatasi?"

"Ndiyo, fundi. Umejuaje?"

"Hizi ndizo zinazonilisha."

Alibandua fremu ya dashibodi kwa mkono, akafungua nati kwa spana namba kumi, akaichomoa redio nzima, akafungua mfuniko wa juu. Hapo ndipo nikaelewa. CD haisukumwi na kitu kigumu, inavutwa na rola ya mpira inayoibana kutoka upande mmoja. Gari likipikwa na jua, gundi ya stika inalainika, kona ya karatasi inainuka, rola inaikamata na kujizungushia, kama uzi unavyojisokota chini ya bobini. Kadiri unavyobonyeza kitufe, ndivyo inavyozidi kujisokota. Akazungusha gia kwa kidole, polepole, huku anatoa karatasi vipande vipande kwa kibano. CD ikatoka. Sura ya wifi ikabaki nusu, jicho moja na kitenge.

Rola akaisafisha kwa pamba na spiriti, kwa sababu mpira wenye gundi utaing'ang'ania hata CD safi. Lenzi akaigusa kwa pamba nyingine, kavu, kidogo sana. Stika iliyobaki akanikataza kuibandua: kwenye CD, tabaka lenye muziki liko upande wa juu, chini ya vanishi nyembamba, siyo ule upande unaong'aa. Ukivuta karatasi unaondoka na wimbo. Akaniambia nitafute mtu mwenye kompyuta ya mezani ainakili kabla haijafa.

Kijana wake alijaribu kuniuzia redio ya kisasa yenye skrini kubwa. Nikakataa. Nafasi ya redio kwenye Toyota nyingi za soko la Japani ina upana wa milimita 200, redio za kawaida ni karibu 180; utawekewa vipande vya plastiki pembeni, na nyaya zikatwe. Halafu skrini inayowaka usiku inamwita kibaka.

Nilichonunua ni ile transmita ndogo ya kuchomeka kwenye kiwashia sigara, inayosoma flashi na kurusha muziki kwa FM. Ukiipeleka 100 au 105 kama wanavyoelekeza kwenye boksi, redio ya Kijapani haitasikia kitu. Itafutie pengo lisilo na stesheni kati ya 87.5 na 90. Mimi nimeiweka 88.3. Kwaya ya wifi imo kwenye flashi, na CD nimemrudishia na jicho lake moja. Anasema nimlipie stika.