Zawadi ya Idi ndani ya boksi la fundi redio

Mnaonijua mnajua, miaka sita sasa natafuta santuri za bendi zetu za zamani, zile zilizojiita Jazz. Western Jazz, Tabora Jazz, Dar es Salaam Jazz.

Leo mchana nimepeleka spika kwa fundi mmoja mzee Kariakoo, nikaona boksi chini ya meza, ndani sahani ndogo za inchi 7, vumbi tupu, nyingi zimepinda kwa joto, nikapekua weee mpaka nikakutana na Morogoro Jazz ya enzi mwimbaji na mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe bado yuko nao, yaani kabla ya 1973!

Mikono ilitetemeka jamani.

Ila kilichonishika ni lebo. Mtu kaandika kwa kalamu ya wino, mwandiko ule wa kulala: "Kwa mke wangu, Idi 1971".

Nimefika home nimeifuta taratibu, nikashusha sindano, ikakwaruza kwanza, kisha gitaa likaingia safi kabisa.

Nimeirudia mara nne, macho yako kwenye ule mwandiko tu. Walicheza sebuleni wawili hawa?

Kwenu santuri bado zipo? Za bendi gani? Niambieni.