KICC na mzee wa kamera

Foleni ya Namanga siisimulii, wala chumba nilichopata River Road, godoro limebonyea katikati na bei ya kukukosesha usingizi. Kilichonikamata Nairobi ni KICC, jengo la mikutano ya kimataifa lenye jina la Kenyatta.

Pale uwanjani, mbele ya sanamu ya Mzee Kenyatta aliyeketi, wapo wapiga picha. Nilimwamkia mmoja, mtu mzima. Akaitikia marahaba, akasema picha moja mia mbili. Nikamwomba apunguze, akakataa katakata, ila akaanza kunisimulia lile jengo na asubuhi yangu yote ikaishia hapo.

"Hii ilikuwa iwe nyumba ya chama," alisema, yaani makao makuu ya KANU, chama kilichotawala Kenya. Walioichora ni Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe, pamoja na David Mutiso wa Wizara ya Ujenzi. Kazi ilianza 1967. Nairobi ilipopewa mkutano wa Benki ya Dunia na IMF wa 1973, nyumba ya chama ikabidi ikue iwe ya kupokea dunia. Kenyatta aliifungua Septemba mwaka huo, na mwezi huohuo Robert McNamara, rais wa Benki ya Dunia, akahutubia humo juu ya ufukara wa watu wa vijijini. Bado KANU iliishikilia, mpaka iliposhindwa uchaguzi wa 2002 na serikali mpya ikaichukua mwaka uliofuata.

Nilipanda hadi kwenye uwanja wa helikopta, zaidi ya mita 100 juu. Upepo unavuta shati, na kusini mbuga inaanzia pale nyumba zinapokoma. Mawazo yakanirudisha Arusha, kwenye AICC, jengo letu la mikutano ya kimataifa, na mabawa yake matatu: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Nayo haikujengwa kwa kazi inayoifanya. Ilikusudiwa iwe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jumuiya ikavunjika 1977, na baadaye ndimo mashahidi wa mauaji ya Rwanda walimosimama mbele ya mahakama. Sijapata kumsikia mtu akimsimulia mgeni hayo pale nje, na inaniuma.

Nikashuka, nikampa mzee mia mbili zake, nikamsimulia mimi.

"Na Jumuiya iliporudi, mkairudishia nyumba yake?"

Nikamwambia hapana. Ilipanga ofisi humohumo, mpangaji katika nyumba iliyojengewa, hadi ilipopata jengo lake mwaka 2012. Akamwita mwenzake aje asikie, nikaanza upya.